Wekundu wa Kulukulu

Ovaroli za tanuri la pili hazifuliwi pamoja na nyingine. Dobi alilijua hilo tangu wiki yake ya kwanza katika chumba cha kufulia cha kiwanda cha shaba, na kila aliyekuja kazini baada yake alimfundisha vivyo hivyo. Nguo za ofisini zinaingia kwenye mashine iliyo karibu na mlango. Za tanuri la kwanza zinaloweshwa kwenye pipa. Za tanuri la pili zinapewa karo la tatu, peke yao, kwa sababu kwapani zinatoa rangi nyekundu.

Haikuwa damu. Damu alikuwa anaijua. Inataka maji baridi na chumvi, na ukiikosea ukaichemsha, imekaa milele. Hii ilikuwa na tabia zake. Kwenye maji matupu haikusogea hata ukisugua mpaka viganja vichubuke, lakini ukitia sabuni tu inaachia yote kwa mkupuo, na karo zima linakuwa jekundu kama wino wa mwalimu. Kisha unazibua, maji yanakwenda zake mtaroni, na ovaroli inabaki safi. Kwa miaka kumi na minne Dobi alizibua karo hilo mara mbili kwa siku. Hakuna aliyemuuliza rangi ile inatoka wapi, naye hakujiuliza. Kazi yake ilikuwa kuitoa.

Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, alipokuwa akimsugua mumewe mgongo uani na mumewe akainua mkono, na yeye akaona manyoya matano mekundu yamejipanga kwapani, kitu cha kwanza alichokumbuka ni karo.

Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la pili, na watu wote, kiwandani na mtaani, walimwita Fundi. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, ambaye akiulizwa habari ya kazi hujibu kwamba moto ni uleule.

"Yanauma?" Dobi aliuliza.

"Hayaumi. Yanawasha kidogo ovaroli ikibana."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwanzo."

"Mbona hukusema, baba watoto?"

"Ningesema nini? Na wenzangu wanayo."

Dobi alimmwagia maji akaendelea kusugua. Kwenye kiti cha kamba, chini ya ukingo wa paa, mama mkwe wake alikuwa akimenya viazi. Mama huyo alikuwa amekula chumvi nyingi. Macho yalikuwa yamefifia lakini ulimi ulibaki na ukali wake wote. Aliomba aletewe unyoya mmoja. Dobi akang'oa, Fundi akasema "aah" kidogo tu, na mama mkwe akaupitisha unyoya shavuni kwake, kisha mdomoni.

"Kulukulu," alisema, akarudi kwenye viazi.

Mama mkwe aliwajua kulukulu tangu msitu ulipokuwa nyuma ya kiwanda, mahali ambapo sasa palikuwa na mlima wa makapi meusi ya tanuri. Wakati wa chakula, wajukuu wake wawili wa kike wakisikiliza, alieleza bila haraka. Kulukulu ni ndege wa juu. Chini hashuki isipokuwa kiu imemshinda. Kwa kuruka ni mvivu, anapiga mabawa mara tatu nne halafu anateleza tu hewani kama mtu anayeshuka ngazi kwa matako, lakini kwa mbio za matawini hana mpinzani. Mwili wake ni wa kijani mtupu, ana kishungi kichwani na duara jekundu machoni, na akitulia kwenye majani unaweza kusimama chini yake mpaka shingo ikauke usimwone. Wekundu wa mabawa ameuficha ndani. Anauonyesha akiruka tu, mara moja, kisha ametua na ameufunika tena.

"Na kinda wake hana rangi," alisema. "Rangi anaila. Anaila kwenye matunda, kidogo kidogo, mwaka mzima, ndipo mabawa yanaiva."

"Mwanao hali matunda, mama," Dobi alisema. "Nikimpa papai analisukuma pembeni."

"Basi kuna kingine anachokula," mama mkwe alijibu, na wote wakatazama nje dirishani, ambako moshi wa tanuri la pili ulikuwa ukipita juu ya nyumba kama ulivyopita kila siku saa hiyo.

Miezi iliyofuata ilikwenda kama alivyosema. Manyoya ya kijani yalimjaa Fundi kifuani na mabegani, laini kama kitambaa cha sare mpya. Kidole cha pembeni cha kila mguu kilianza kugeuka, leo kinatazama mbele, kesho kinatazama nyuma, na buti za kazi zikamkataa. Msimamizi wa zamu alimwandikia onyo kwa kutovaa buti. Baadaye, alipoona Fundi anapanda na kukimbia juu ya vyuma vya paa akikagua mabomba bila ngazi, alimwandikia barua ya pongezi, na barua zote mbili zikawekwa kwenye faili moja. Kwenye kifundo cha kila mkono ikachomoza kucha ndogo ya kujishikizia. Papai likaanza kuliwa, likaliwa mpaka ganda. Fundi alikuwa anapungua pia. Kila Jumamosi Dobi alitumia maji machache zaidi kumwogesha, na shati la mwezi uliopita lilikuwa kubwa mwezi huu.

Hakuna mtu mtaani aliyeshangaa. Jirani wa kushoto alisema kaka yake alikuwa hivyohivyo, wakati ule, na kwamba kishungi kinapendeza.

Dobi hakuwa na wasiwasi na manyoya. Wasiwasi wake ulikuwa nyumba. Kanuni za kiwanda zilikuwa na mistari miwili kwa mfanyakazi anayeondoka. Mstari wa kwanza ulisema "Ameumia kazini," na aliyeandikiwa huo, familia yake hubaki katika nyumba ya kiwanda mpaka mtoto wa mwisho amalize shule. Mstari wa pili ulisema "Ameacha kwa hiari," na familia hupewa siku thelathini kufungasha. Mstari wa tatu haukuwepo. Aliyechagua mstari alikuwa daktari wa zahanati ya kiwanda, ambaye huwapima watu wa tanuri kila baada ya miezi mitatu. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ua, mabati yanavuja pembeni mwa kitanda cha wasichana, lakini shule ilikuwa ng'ambo ya barabara na mama mkwe alikuwa amekwisha kuikariri kwa vidole, kila ukuta na kila kizingiti. Mahali pengine angekuwa kipofu kabisa.

Siku ya kupimwa ilipofika, Dobi alimwandaa mumewe kama anavyoandaa vitambaa vya meza ya mkurugenzi. Alimsimamisha kwenye beseni uani akamsugua kwa mche wa sabuni, akamsuuza, akamsugua tena. Manyoya ya kwapani, ambayo sasa yalikuwa yamejaa mpaka kwenye viwiko, yalitoa maji mekundu mara mbili. Dobi aliyaona yakienda mtaroni akafurahi, furaha ileile anayoipata uchafu unapoondoka. Hakutaka daktari aseme mke wa Fundi anafua nguo za watu na mume wake anamwacha mchafu.

Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimwambia Fundi avue shati na kuinua mikono. Akatazama kwapani upande huu na upande ule, akavaa miwani, akatazama tena.

"Manyoya ninayaona," alisema. "Lakini yamepauka, yako kama maji ya chai iliyochujwa mara ya tatu."

"Ni ya tanuri, daktari," Dobi alisema.

"Mama, manyoya yaliyopauka hata kuku anayo, na kuku hajawahi kukaa kwenye tanuri. Shaba ina rangi. Mimi naandika ninachokiona. Siku nikiona rangi, nitaandika rangi."

Aliandika "Mabadiliko ya ngozi yasiyo na uhusiano na kazi," akagonga muhuri, akamtakia Fundi siku njema.

Nyumbani, mama mkwe alisomewa karatasi. Aliuliza swali moja.

"Mlimwogesha kwa nini?"

"Kwa sabuni, mama. Kwani ningemwogesha kwa nini?"

Mama mkwe aliweka chini kisu cha viazi. Kisha alisema kwamba walipokuwa wasichana waliokota manyoya ya kulukulu chini ya miti wakachezea. Yakinyeshewa mvua hayabadiliki. Ukiyatia kwenye maji ya majivu, yale ya kuogea ya wakati huo kabla sabuni haijafika madukani, wekundu unatoka wote, unabaki na kitu kisicho na rangi ambacho hata mtoto anakitupa.

"Nilidhani unajua," alisema. "Wewe si ndiye dobi?"

Dobi alikuwa anajua. Alikuwa amejua kwa miaka kumi na minne, kwenye karo la tatu, mara mbili kwa siku. Aliona uchungu, lakini ulikuwa uchungu wa mbali, kama jino la mtu mwingine. Akaondoa vyombo, akafua sare za wasichana, akazianika.

Mara ya pili hakumwogesha. Siku kumi na mbili kabla ya kupimwa, Fundi hakuguswa na sabuni hata ya mkono. Alinuka moshi na matunda yaliyoiva, na wasichana walihamisha godoro lao karibu na mlango. Lakini alipofungua mikono, wekundu ulijaa ua mzima, mpaka chokaa ya ukuta ikageuka rangi ya waridi, na jirani wa kushoto akasema juu ya uzio kwamba safari hii haina ubishi. Fundi mwenyewe alijitazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alikaa hivyo, mikono wazi, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kwenye zahanati, kati ya lango na chumba cha daktari, kulikuwa na bafu lenye milango sita, ambalo mara ya kwanza Dobi hakulitilia maanani kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha kutakata. Juu yake palikuwa na kibao: HAKUNA KUMWONA DAKTARI BILA KUOGA KWA SABUNI. Chini ya kibao alikaa mzee aliyeitwa Mgawa Sabuni, mwenye meza, waya mwembamba wa kukatia miche, na daftari la kuweka alama ya vema kwa kila aliyeoga.

"Mzee wangu," Dobi alimwambia, "leo mwache huyu aoge maji matupu."

"Haiwezekani, binti yangu. Kipande kimoja, kwapa mara mbili."

"Nakuomba. Sabuni inamtoa rangi, na daktari anataka rangi."

Mgawa Sabuni aliweka waya chini. Hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Dobi kwa huruma, na pengine kwa mshangao kidogo, huo tu ndio uliopata kuonekana katika jambo hili zima.

"Lakini kibao hiki si ulikiomba wewe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wake wa tatu kazini, shuka za zahanati zilikuwa zikimjia na masizi na madoa mekundu, na yeye, kwa kuwa alipenda kazi yake na hakuvumilia shuka lenye doa, aliandika barua kwa menejimenti. Aliomba watu wa tanuri waoge kwa sabuni kabla ya kulazwa kitandani kwa daktari. Barua ilikuwa na adabu na mwandiko mzuri. Ilikubaliwa ndani ya wiki moja, na bafu likajengwa. Tangu hapo shuka zilirudi nyeupe, na tangu hapo, alipopiga hesabu kichwani akiwa amesimama pale, hakuna mtu hata mmoja wa tanuri la pili aliyeandikiwa mstari wa kwanza.

"Ulikuwa unasema shuka," Mgawa Sabuni alisema taratibu. "Nakumbuka. Wote tulishangilia."

Fundi alipokea kipande chake akaingia mlango wa nne. Dobi alizunguka nyuma ya bafu, mahali mtaro unapotokea chini ya mizizi ya mkuyu, mti pekee uliobaki wa msitu wa zamani. Ulikuwa umeachwa kwa sababu mizizi yake ndiyo iliyoshika ukuta. Maji mekundu yalianza kutoka. Alikuwa amekuja na ndoo ya matunda ya mumewe. Akayamwaga matunda, akakinga.

Daktari aliona chai iliyochujwa. Akaandika vilevile.

Dobi alibeba ndoo mpaka dirisha la mapokezi. Karani wa mapokezi alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alichungulia ndani ya ndoo bila kupepesa macho.

"Mgonjwa ni nani?"

"Haya maji."

"Yana namba ya mfanyakazi?"

"Yametoka kwa mume wangu. Tumia namba yake."

"Namba moja haipangi foleni mara mbili kwa siku, mama. Yarudi kesho."

Usiku huo maji yalikaa jikoni. Asubuhi Dobi aliyatia siki, maana kila dobi anajua kwamba rangi iliyotolewa na sabuni inaogopa siki. Ilianza kuganda na kuzama kama mashapo ya kahawa. Akamwaga maji ya juu, akaanika kilichobaki kwenye sahani, na mchana alikuwa na unga mwekundu uliojaa kijiko cha supu. Fundi, aliyekuwa amekaa juu ya mlango, aliomba Dobi atie chembe moja jikoni kwenye makaa. Moto ukawa wa kijani.

"Shaba hiyo," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha kukwaruza, maneno yalitoka kama yanaburuzwa kwenye changarawe. "Mimi huo moto nimeutazama miaka ishirini na moja."

Daktari alimpokea Dobi bila foleni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akawasha taa yake ndogo ya spiriti, akachota unga kwa ncha ya kisu na kuushika juu ya mwali. Chumba kizima kikawa kijani: kuta, kitanda, shuka nyeupe, koti lake. Alitazama mpaka ulipokwisha.

"Ni shaba," alisema.

"Andika."

"Kwenye faili la nani?"

"La mume wangu."

"Hii ilitoka mtaroni, mama. Mtaroni yanapita maji ya watu wote wa tanuri la pili."

"Basi andika ni ya watu wote."

Daktari aliizima taa kwa kuifunika. Alichukua muda kupanga vitu vyake mezani, kisu hapa, miwani pale.

"Hakuna faili la watu wote," daktari alisema.

Mara ya tatu, Dobi alimpeleka mumewe ndani ya kapu la nguo. Fundi alikuwa ametimia. Alikuwa na kishungi, na duara jekundu lilikuwa limezunguka kila jicho. Mkia wake ulikuwa mrefu unaong'aa, na kapu lote halikuwa na uzito wa mkate. Njiani alizungumza mara moja tu.

"Mwambie asinitie sabuni machoni."

Dobi alimwambia. Mgawa Sabuni alimwogesha mwenyewe kwenye bakuli, kwa ncha za vidole, akiziba macho yake kwa kiganja. Maji yalikuwa mekundu sana kwa bakuli dogo kama lile. Akaweka alama ya vema. Mizani ya zahanati ilikuwa inaanzia kilo tano, kwa hiyo daktari alichora mstari mtupu mahali pa uzito. Kisha alisema kwamba kwa hali hii Fundi hawezi kuendelea na zamu, jambo ambalo Dobi hakulipinga, na kwamba kwa kuwa hakuna alama yoyote ya shaba iliyoonekana mwilini katika vipimo vitatu, hana namna. Aliandika mstari wa pili. Aliuandika polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake.

Karani alileta kidau cha wino ili Fundi atie saini. Walimshika mguu, wakauchovya, wakaubonyeza chini ya neno "hiari." Ulitoka vizuri, vidole viwili mbele na viwili nyuma.

"Inatosha," karani alisema.

Dirisha lilikuwa wazi. Fundi alipiga mabawa mara nne, akateleza, akatua kwenye mkuyu, akakimbia juu ya tawi mpaka kwenye majani mazito. Hawakumwona tena siku hiyo. Walimsikia tu, kru, kru, kru, kama mtu anayejaribu mlango ulioingia kutu.

Dobi alirudi kazini, akazibua karo la tatu. Nyumbani alianza kufungasha: sufuria kwenye blanketi, vitabu vya wasichana kwenye gunia, picha ya harusi kati ya mashuka. Watu walimpa pole naye akaitikia. Alijaribu kulia mara moja, akiwa peke yake nyuma ya mashine, kwa sababu aliona imefika wakati, lakini hakikutoka kitu, akapangusa mashine na kuendelea. Wasichana waliacha kuuliza watahamia wapi. Mama mkwe alizunguka nyumba akigusa kuta, kila siku akianzia mlangoni.

Siku ya ishirini na tatu karani alikuja mwenyewe mpaka uani, akakaribishwa kiti. Mgawa Sabuni alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi ile, karani alieleza, ni ya uaminifu, na inakwenda na nyumba. Menejimenti ilikuwa imepitia majalada ya nyuma ikaona kwamba kanuni yenyewe ilianzia kwa mama, hivyo hakuna anayeielewa zaidi yake.

"Nyumba gani?" Dobi aliuliza.

"Hii hii. Hakuna haja ya kufungua mizigo mahali pengine."

Dobi aliomba afikirie. Karani alisema afikirie, yeye atasubiri, akatoa kalamu.

Dobi alimgeukia mama mkwe. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, uso umeelekea upande wa mkuyu, na mikono imeshika ukingo wa kiti kama ya mtu aliye garini.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Sisi hatuwezi kulala mtini."

Dobi akatia saini.

Siku ya kwanza ya upimaji alifika mapema. Alipangusa meza, akaweka daftari, akanyoosha waya kati ya vidole viwili vya gumba. Ulikata miche vizuri, vipande vyote sawa. Mkono wake ulikuwa umezoea sabuni. Watu wa tanuri la pili walikuwa wamejipanga foleni kuanzia lango, mikono imebanwa ubavuni kama watu wanaosikia baridi, na jua lilikuwa kali.

Fundi alikuwa juu, kwenye mkuyu. Tangu aondoke hakuna aliyemgusa kwa sabuni, na rangi yake ilikuwa imerudi yote. Alikula kuyu mbili tatu, akatazama chini, kisha akaruka kutoka mti mpaka ukingo wa paa la zahanati, mbele ya dirisha la daktari, na mabawa yakafunguka. Foleni nzima iliuona wekundu ule. Daktari aliuona pia. Alikuwa amesimama dirishani na kikombe mkononi, na wekundu ulipita juu ya koti lake jeupe kutoka bega hadi bega.

"Ndege mzuri," daktari alisema, na kwa kuwa ndege hana namba ya mfanyakazi, akanywa chai yake.

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwenzake Fundi wa zamu moja, aliyekula nyumbani kwao mara nyingi. Alisimama mbele ya meza akitazama kipande cha sabuni, hakukichukua.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Ni lazima?"

Dobi alifikiria wasichana, ambao saa hiyo walikuwa wanavuka barabara kwenda shule. Alifikiria mama mkwe akipapasa ukuta. Alimpenda shemeji huyu, na alijua kwamba nyumbani kwake kuna watoto wanne na mama pia.

"Lazima, shemeji," alisema. "Kipande kimoja, kwapa mara mbili."

Alimsogezea kipande. Shemeji alikichukua, akaingia mlango wa nne, na punde chini ya mkuyu maji yakaanza kutoka. Dobi akaweka alama ya vema. Juu ya paa Fundi alilia, kru, kru, kru, akateleza mpaka mkuyuni, akafunga mabawa, na pale alipotua pakabaki majani tu.

"Anayefuata," Dobi akasema.